Kioo Inakataa

Wanafunzi wangu wakikiona kichwa cha insha hii watapiga makofi, kwa kuwa kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiwamwagia wino mwekundu kwa kosa hilohilo. Kioo ni ngeli ya ki-vi. Kioo kinakataa, vioo vinakataa. Nimeliacha kosa lilivyo kwa sababu aliyelitamka alikuwa amelala chali chini ya mwembe na bisibisi mdomoni, na siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa na haki. Lakini tuanzie Oraba, maana aibu ilinikutia huko.

Oraba ni mwisho wa Uganda. Lami inayotoka Vurra, mpakani na Kongo, inapita Arua, inapita Koboko, na baada ya kilomita 92 hivi inafika pale na kukikuta kizuizi. Hapo kuna malori yaliyojipanga kwenda Kaya, Yei na Juba, wauza chapati, wabadilisha fedha wenye mabunda ya pauni za Sudan Kusini, na maafisa wenye mihuri. Shughuli zote hizo hupitia dirishani kwa dereva. Karatasi huingia hapo na hutoka hapo. Salamu, noti, ndizi, malalamiko, yote ni hapo. Niliwahi kupokezwa mtoto mchanga dirishani nimshike, mama yake atafute kitambulisho kwenye mkoba. Dereva asiye na dirisha pale Oraba ni bubu mnadani.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimebeba vitenge vya mama watoto. Afisa akaja, akainama. Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kama kwamba swichi hupokea rushwa ya kidole. Kimya. Kioo kimesimama juu, wima, kama mtahiniwa aliyekataa kujibu swali. Nikamtabasamia afisa kupitia kioo. Akanifanyia ishara ya mkono: shusha. Nami nikamfanyia ishara ya kwamba hakishuki. Ishara yangu, nilivyoelezwa baadaye na mama watoto ambaye alikuwa ameketi kando yangu akiomba ardhi ipasuke, ilifanana mno na ile ya kumfukuza kuku jikoni.

Akagonga kioo kwa kalamu. Nikaona heri nifungue mlango. Tatizo ni kwamba alikuwa bado ameinama, na mlango ukamfika gotini. Akaruka nyuma.

“Mwalimu, unatoka kwenda wapi?”

“Siendi popote, afande. Dirisha limekufa.”

Akanitazama, akalitazama dirisha, akaandika kitu kirefu kwenye karatasi fupi. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Sasa, msomaji wa mbali huenda haelewi ugumu wa jiografia yetu. Sisi wa Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo usukani uko kulia. Ukivuka daraja la Kaya, wenzetu wa Sudan Kusini wanaendesha kulia. Ukielekea magharibi, Wakongo nao wanaendesha kulia. Wilaya ya Koboko ndiko mipaka ya nchi hizo tatu inakokutana, pale Salia Musala, na nadhani ni mojawapo ya mahali pachache duniani ambapo mtu akikuambia “pinda upande wa dereva” inabidi umuulize uraia wake kwanza. Siku tunazovuka kwenda Kaya, askari wa kule huja moja kwa moja kwenye dirisha la kushoto, wanakozoea kumkuta dereva, na wanamkuta mama watoto. Amewajibu kwa miaka mingi. Anajua namba ya injini kwa moyo. Na dirisha lake lilikuwa linashuka kama asali. Kwa hesabu hiyo gari langu lilikuwa zima Sudan Kusini na bovu Uganda.

Ningeweza kuishi nalo hivyo. Mlango unafunguka, hewa inaingia kwingine, na mshahara wa mwalimu hauna fungu la vioo. Kilichonisukuma kwa fundi ni mama mkwe na samaki.

Mama mkwe alitoka kwao Pakwach, akashuka kwenye basi pale Arua na kifurushi cha angara. Kwa asiyewajua, angara ni samaki wa Nile, wanaokaushwa na kubanikwa mpaka moshi unakuwa sehemu ya nyama yao. Kwenye sahani, na ugali wa mihogo, hakuna mfano. Ndani ya gari lililofungwa, saa saba mchana, mwezi wa pili, kilomita zaidi ya 50 mpaka Koboko, pia hakuna mfano. Mama mkwe hakutaka dirisha la nyuma lifunguliwe hata kidogo: upepo, alisema, unampa kifua. La mbele kushoto alikuwa amelizuia kwa mzigo wake mwingine, gunia la karanga, ambalo halikutakiwa kukaa chini. Likabaki dirisha langu. Na mkwe, kwa mila zetu huku, hubishani naye, humtazami usoni, na kwa hakika humwambii kwamba zawadi aliyokuletea inakutoa machozi. Nikaendesha nikilia kimya kimya. Tulipofika Manibe akaniuliza kama nimefiwa.

Kesho yake nilikuwa chini ya mwembe.

Fundi wa kwanza, wa Koboko, ni mtu wa kusikiliza. Wengine hufungua mlango kwanza, waulize baadaye. Yeye alibonyeza swichi na kuinamisha sikio kama daktari. Kisha akatoa hukumu: “Mwalimu, kioo inakataa.”

“Kinakataa,” nikasema. Siyo makusudi; ni ugonjwa wa kazi.

Akatoa bisibisi mdomoni. “Ki ama i, mwalimu, haipandi, haishuki.”

Sikuwa na jibu, na kusema kweli sina mpaka leo. Kiswahili cha Arua na Koboko hakikuja na vitabu vya sarufi. Kilikuja na buti, katika kambi za King's African Rifles, ambako vijana wengi wa West Nile, eneo letu hili, waliandikishwa, na kambini ngeli huwa mbili tu: simama na tembea. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko hukuhuku, alijiunga na jeshi hilo mwaka 1946, na mwaka 1973 akiwa rais akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Amri hiyo haikusema lolote kuhusu ngeli. Mwaka 2005 katiba ikakipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, nami nikapata kazi, lakini mafundi walikuwa wamekwisha kukimiliki siku nyingi na hawakuona haja ya kuniuliza.

Nirudi mlangoni. Alichonifundisha fundi huyo ni cha thamani kuliko pesa alizochukua, kwa hiyo nakitoa bure. Bonyeza swichi, usikilize. Ukisikia mota inazunguka, nguu-nguu, na kioo hakitikisiki, basi umeme ni mzima na kilichokatika ni waya wa kuvuta au gia. Usiposikia kitu, lakini taa za dashibodi zinafifia kidogo kila ukibonyeza, mota inapewa umeme na inashindwa: ama imechoka, ama kioo kimegandia kwenye mpira. Hapo piga mlango ngumi moja ya wastani huku umebonyeza; mota iliyochoka kaboni zake mara nyingine huzinduka kwa ngumi, kama wanafunzi wa zamani. Na usiposikia kitu wala kuona taa ikififia, umeme haufiki kabisa, na mtuhumiwa ni fyuzi, swichi, au zile nyaya zinazopita kwenye mpira wa bawaba za mlango, ambazo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa mpaka siku moja zinakatika ndani ya ngozi yake bila kumwambia mtu.

Langu lilikuwa la kimya kitupu. Fyuzi ilikuwa nzima. Nilishukuru, maana nilikwisha kuona mkono wake ukielekea kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na karatasi hiyo haitakuwa fyuzi hata ukiisemesha Kilatini. Fyuzi kazi yake ni kufa badala ya gari. Ukiweka kitu kisichokufa, litakufa gari.

Basi swichi. Akaing'oa kwenye mlango kwa kisu cha mezani kilichofungwa kitambaa ili kisikwaruze, akaipasua, na ndani yake mkawa na West Nile nzima. Vumbi jekundu la enzi zote, kabla ya lami na baada ya lami, chai ya maziwa, chembe za biskuti. Vile vibati vya kugusana vilikuwa vimekuwa vyeusi kama masufuria ya shule ya bweni. Akavisugua kwa msasa laini, akavisafisha kwa tone la petroli, akavirudisha. Shilingi elfu kumi na soda moja.

Nikabonyeza. Kioo kikashuka!

Watu waliokuwa chini ya mwembe wakashangilia. Kuna mzee mmoja huwa anakaa pale kuangalia magari ya watu yakitengenezwa, hana gari, hana baiskeli, ana maoni. Hata yeye alisema “vizuri”. Nikabonyeza kukipandisha. Mota ikalia kwa furaha, nguu-nguu-nguu, kisha krrrak, kisha kikasikika kitu kama uzi wa gitaa ukikatika, na kioo kikadidimia ndani ya mlango mpaka kisionekane tena.

“Sasa,” fundi akasema kwa utulivu, “iko ugonjwa mbili.”

Nilikuwa nimeingia na dirisha lisilofunguka. Nikatoka na dirisha lisilofungika, na deni la soda.

Nieleze kilichomo mlangoni, kwa wale ambao, kama mimi, waliishi na milango miaka arobaini bila kujiuliza. Zamani ulikuwa unazungusha mkono. Peugeot 504 zilizobeba baba zetu zilikuwa na mkono huo, na ukikatika ulizungusha kwa koleo. Land Rover za zamani hazikuwa na hata huo: kioo kilisukumwa mbele na nyuma kama mlango wa kabati, na sijawahi kusikia Land Rover imepelekwa gereji kwa ajili ya dirisha. Lakini Wamarekani walikuwa wamekwisha kuona kuzungusha mkono ni kazi ya watumwa. Mwaka 1940 kampuni ya Packard ikatoa gari la kifahari lenye vioo vinavyopandishwa kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa kwenye mabomba, na baadaye zikaja mota za umeme, na raha ya tajiri wa Detroit ikashuka ngazi kwa ngazi mpaka ikamfikia mwalimu wa Koboko akiwa mmiliki wa sita. Magari mengine kioo huinuliwa na vyuma viwili vinavyofumbana kama mkasi; hayo yana maisha marefu. Langu ni la aina ya pili: mota ndogo inazungusha kigurudumu, kigurudumu kinasokota waya mwembamba, waya unapita kwenye vikapi vya plastiki na kuvuta kioo juu au chini kwenye reli. Mota ni ileile kwa safari zote mbili. Umeme ukigeuzwa, chanya ikawa hasi, nayo inageuka. Waya ndio dhaifu. Unachakaa uzi mmoja mmoja, na siku unayoupa kazi ya kung'oa kioo kilichogandia kwenye mpira mkavu, unakatika.

Kabari ikafuata. Fundi alikivua kioo kule chini, akakibana kwa viganja viwili, kimoja ndani, kimoja nje, akakipandisha polepole kama mtu anayeinua mtoto usingizini, kisha akachomeka kipande cha mti ndani ya mlango. “Usifunge mlango kwa nguvu,” akaonya. Sikuufunga kwa nguvu. Lakini barabarani kuna matuta, na kila tuta lina maoni yake. Tuta la kwanza lilikishusha kioo vidole vinne. La pili likakimaliza. Nikajifunza kuendesha nikiwa nimekibana kioo kwa kiwiko, mtindo ambao kwa mbali ulionekana kama majivuno, na vijana wa boda wakaanza kunisalimu “bosi”.

Ikanyesha. Nikafunga kavera, mfuko mweusi wa plastiki, kwa gundi ya karatasi. Kavera kwenye mwendo wa kilomita themanini hupiga kelele kama helikopta, na mama watoto akasema heri anyeshewe.

Hata hivyo haikuwa mvua wala kelele iliyobadilisha maisha yangu. Ni posta. Gari lenye dirisha wazi, lililoegeshwa pale sokoni Koboko, la mwalimu anayejulikana kwamba kila Jumamosi huenda Oraba, watu waliliangalia siku mbili, tatu, wakaelewa. Nilirudi siku moja nikakuta kwenye kiti changu jozi ya ndala imefungwa kamba, na karatasi: “Mwalimu, mpe shangazi yangu duka la chumvi.” Wiki iliyofuata kulikuwa na bahasha tatu, dumu la mafuta ya simsim, na betri ya redio. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyeiba pia. Niseme hilo kwa haki. Waliweka tu, hawakutoa. Nikiwa Oraba nao wa kule wakaanza kurudisha majibu. Nilipata kuku mmoja, miguu imefungwa, na risiti. Shangazi wa duka la chumvi akanitafuta kunieleza kwamba ndala zilikuwa ndogo, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenye posta.

Mkuu wa shule akaniuliza kama nimefungua kampuni. Hapo nikaamua kununua spea.

Kampala waliniambia kwa simu kwamba mtambo wote wa dirisha pamoja na mota, uliotumika, ni shilingi laki mbili na elfu ishirini, na bado nauli ya basi la usiku. Nikakata simu kwa adabu. Nina shemeji Ariwara, ng'ambo ya Kongo, mji ambao ukikosa kitu sokoni kwake basi hakijatengenezwa. Nikampigia. Akapata, shilingi elfu tisini. Nikataja aina ya gari, mwaka, idadi ya milango, rangi hata, ingawa rangi haihusiani na waya. Akauliza swali moja tu la maana: “Upande gani, shemeji?”

“Wa dereva,” nikasema.

Mwalimu wa lugha, jamani. Mtu anayefundisha watoto kwamba neno lazima liwe na maana moja mbele ya anayelisikia.

Mzigo ukaja kwa boda, umefungwa kwenye gazeti la Kifaransa. Fundi akaufungua, akauweka mlangoni, akaugeuza, akaugeuza tena, akauinua juu kwenye jua. Mzee mwenye maoni akasogea. Wakautazama wote wawili kama wanaotazama mguu wa kushoto uliofungwa kwenye boksi la kiatu cha kulia.

“Hii iko ya kushoto,” fundi akasema.

Nikampigia shemeji. Hakuelewa kosa liko wapi. “Si umesema dereva?” akauliza. “Dereva anakaa kushoto.” Na kwake ndivyo. Nikafikiria kumweleza, nikaona salio la simu halitoshi kueleza ukoloni wa Waingereza na wa Wabelgiji kwa dakika mbili. Mtambo ule ungali nyumbani. Mama watoto ameutundika jikoni, unaning'iniza miko na upawa, na kwa kazi hiyo hauna mfano.

Aliyeniokoa ni fundi wa baiskeli. Yuko Oraba, kabla hujafika kwenye kizuizi, kibanda cha mabati, mnyororo mmoja uliotundikwa kama pambo. Sikumwendea, nilisimama hapo kumpa bahasha iliyokuwa kwenye kiti changu kwa jina lake. Akaisoma, akaniangalia kiwiko kilichobana kioo, akauliza kwa upole wa muuguzi: “Ustaz, mkono iliumia?”

Nikamweleza. Akasema waya ni waya.

Akavua ubao wa ndani wa mlango, na kwanza tukapata mali iliyopotea. Kalamu nne, mbili za shule. Noti ya shilingi elfu mbili niliyomtuhumu nayo mwanangu mkubwa, Mungu anisamehe. Karatasi ya peremende yenye maandishi ya Kijapani. Na sarafu ya yeni 5, ile ya rangi ya shaba yenye tundu katikati, ambayo bila shaka ilidondoka kwenye ufa wa kioo mikononi mwa mmiliki wa kwanza, mtu wa Osaka au Nagoya, na imesafiri mlangoni humo baharini na nchi kavu mpaka Oraba, ikipiga kelele kila gari linapokata kona, kelele niliyomlipa fundi mwingine mwaka juzi aitafute kwenye magurudumu.

Kisha akautoa ule waya uliokatika, akaupima kwa kidole. Akajaribu kwanza waya wa klachi ya boda. Mnene, haukukaa kwenye mfereji wa kigurudumu. Akauweka chini. Akachukua waya wa breki ya baiskeli, ule mwembamba wa kawaida, shilingi elfu tatu, na ukalala kwenye mfereji kama ulizaliwa humo. Alipima vipande viwili, cha kupanda na cha kushuka, akiwa na waya wa zamani kando kama kielelezo, maana ukizidisha urefu wa nukta mbili waya unalegea na kuruka kwenye kapi, na ukipunguza haufiki. Ncha akazifunga na kuzimwagia lihamu, akazipiga ziwe vidonge vidogo vya kukaa kwenye matundu yake. Kikapi kimoja cha plastiki kilikuwa kimepasuka. Akakizungushia waya mwembamba, akakirudisha, lakini boliti yake ilikuwa ikipenya kwenye tundu lililopanuka. Akaangaza macho mezani, akatafuta washa ya kutosha, hakuipata. Akaona ile yeni 5.

Ilikaa barabara. Kana kwamba serikali ya Japani ilipoitoboa ilikuwa na boliti hiyo akilini.

Nikataka apake grisi kwenye mipira ambamo kioo hupita. Akakataa kwa ukali. Grisi, alisema, inakamata vumbi, na baada ya mwezi inakuwa msasa. Akachukua kipande cha sabuni ya mche, kikavu, akakisugua juu na chini kwenye mpira mpaka ukateleza. Kabla ya kufunga akachukua nyaya mbili kutoka kwenye betri, akaigusa mota moja kwa moja. Kioo kikapanda. Akazigeuza. Kikashuka. Akazigeuza tena, mara nne, tano, bila sababu ya kiufundi niliyoiona. Nadhani alikuwa anafurahi. Nami pia.

Kazi yote, waya na lihamu na mkono wake: shilingi elfu kumi na nane. Sitaki kujumlisha na zile nyingine. Mama watoto amekwisha jumlisha.

Posta ikafungwa siku hiyohiyo. Watu wa Koboko hawakulipokea jambo hilo vizuri. Jumatatu nilikuta bahasha zimebanwa chini ya waipa kwenye kioo cha mbele, na mtu ameandika kwa kidole kwenye vumbi la mlango: MWALIMU FUNGUA. Bila koma, lakini nilimwelewa.

Jumamosi nikateremka Oraba na vitenge, nikiwa nimepandisha kioo makusudi tangu mbali, ingawa joto lilikuwa la kupasua mawe. Nilitaka waone. Afisa wangu alikuwa zamu. Alipoliona gari akapunguza mwendo, akasimama hatua mbili kutoka mlangoni, goti lake likiwa na kumbukumbu. Nikabonyeza. Kioo kikashuka kwa mlio wa tiktiktiktik, kama baiskeli inayoteremka mlima bila kupigwa pedeli, mpaka mwisho, kikatulia.

Akasogea. Akachungulia ule ufa. “Umenunua mpya?”

Hapo ningesema ndiyo. Mtu yeyote mwenye busara angesema ndiyo, angepewa karatasi zake na kwenda. Lakini mwalimu akiulizwa swali hueleza. Nikamweleza waya wa breki ya baiskeli, jinsi ulivyokaa. Nikamweleza lihamu, na sabuni. Nikamweleza, nikiwa nimeinua kidole kabisa kama niko mbele ya ubao, habari ya sarafu ya Japani yenye tundu.

Alisikiliza yote mpaka mwisho. Akafungua kalamu.

“Spea ya baiskeli ndani ya gari,” akasema polepole, akiandika, “na pesa ya kigeni ndani ya mlango. Mwalimu, paki pembeni kwanza.”